Siku Ukumbi Ulipokataa Kupiga Makofi

Nyinyi mnaoanza kazi za utawala wa wadi sasa mna bahati ambayo mimi sikuwa nayo: mnafundishwa kabla ya kutumwa. Mimi nilipewa muhuri, funguo za ofisi yenye popo darini, na mtu mmoja wa kuuliza. Mtu huyo alikuwa Mzee Kavita, chifu aliyekuwa anakaribia kustaafu, na mengi ninayowaeleza hapa nilijifunza nikiwa nimeketi kando yake.

Watu hudhani kazi ya msimamizi wa wadi ni barua. Barua ni kazi ndogo. Kazi yenyewe ni mikutano: unasimama kati ya watu wenye swali na ofisi isiyopenda kuulizwa, na unahakikisha swali limefika likiwa zima. Nilianza nikiwa msichana wa ofisi upande wa Kasikeu, kisha nikahamia Kitui, na huko ndiko nilikozeekea. Nataka kuwasimulia mkutano mmoja, ule wa bustani. Lakini niruhusuni kwanza niseme kuhusu viti, kwa sababu mikutano mingi huharibikia kwenye viti.

Usiweke meza ya wageni jukwaani. Wageni wakikaa juu, swali hulazimika kupanda, na maswali ya watu wa kawaida hayana nguvu ya kupanda. Kina mama wenye watoto wachanga waketi karibu na mlango, waweze kutoka na kurudi. Wenye maduka watawanye, la sivyo wataanza kuzungumzia bei ya saruji. Na usiite mkutano asubuhi ya siku ya soko halafu uandike kwamba wananchi hawakujali. Mwenye mbuzi atakujaje, na mbuzi amwachie nani? Mzee Kavita alikuwa akisema, "Ukitaka kujua mkutano uliitwa na mtu mvivu, angalia saa."

Jambo la pili ni makofi. Kwetu mgeni akimaliza kusema anapigiwa makofi. Ni kama kumpa maji ya kunywa. Hayasemi kwamba amesema kweli, wala kwamba tumekubaliana naye. Lakini mgeni kutoka ofisini hajui hivyo, au anajua na inamfaa kujifanya hajui. Anarudi mjini na kusema watu walifurahi sana.

Mzee Kavita mwenyewe aliwahi kunaswa hapo, na alikuwa akikisimulia kisa hicho hadi machozi ya kicheko yanamtoka. Mgeni wa afya alikuja sokoni akaeleza mahali vyoo vipya vitakapojengwa. Watu wakapiga makofi. Kavita akaripoti kwamba wamekubali. Vyoo vikajengwa vizuri kabisa, ila milango yake ilitazama mlango wa kanisa. Hakuna aliyevitumia. Nani angetaka kutoka chooni huku akifunga mshipi, na mchungaji amesimama pale akisalimia waumini? Alipomuuliza mama mmoja mzee mbona walikubali, yule mama alimshangaa.

"Kukubali nini? Mgeni amemaliza kuongea. Ulitaka tumwache asimame hapo kama mlingoti?"

"Kwa hivyo," Kavita aliniambia, "ukisikia makofi, hujasikia kitu. Ngoja swali."

Sasa bustani. Mji wenyewe sitautaja, kwa sababu waliohusika bado wanakutana sokoni. Uko kwenye barabara ya Garissa, malori hupita mchana kutwa, na katikati yake kuna kipande cha ardhi chenye miarobaini. Miti hiyo ilipandwa na akina mama wa mwethya, yaani majirani wanaosaidiana kazi kwa zamu, leo kwako kesho kwangu. Walibeba maji kwa mitungi kwenye ukame wakainywesha. Upande mmoja wa bustani kuna lami na maduka. Upande wa pili kuna dispensari. Kati yake kuna njia ya miguu, iliyokanyagwa ikawa ngumu kama sakafu.

Ofisi ya mji ilitaka kujenga maegesho ya malori pale, na wapimaji walikuwa wameshasimika bikoni, yaani vigingi vya mipaka. Na niseme haki: malori yalihitaji mahali. Yalisimama kando ya lami, na boda boda wakayapita bila kuona mbele. Swaleh, muuza matairi na vipuri, ambaye babu yake alitoka pwani akaoa hapa, alikuwa ameomba maegesho miaka na miaka. Hakuwa amekosea. Nawaambia haya ili msidhani mkutano ni watu wema upande huu na wabaya upande ule. Mara nyingi ni watu wawili wenye haki wanaogombea mlango mmoja.

Ubaya ulikuwa kwenye mchoro. Malori yalipewa upande wa dispensari, kwa kuwa ndiko ardhi ilikuwa tambarare. Bustani iliyobaki ingezungushiwa ua, na geti moja tu, upande wa barabara. Njia ya miguu ingekufa. Ukitaka dispensari ungetoka nje, ufuate lami, uzunguke kona, na kona hiyo ndiyo malori yangeingilia.

Kwa watu wengi huo ulikuwa usumbufu. Kwa Mwikali ulikuwa jambo jingine. Mwikali alikuwa akiuza muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, kwenye steji ya matatu, na mumewe Mutua, aliyekuwa fundi wa mawe, alipigwa na kiharusi akapoteza upande wa kulia. Mwikali alimsukuma kwa kiti cha magurudumu kupitia bustani hadi dispensari, ambako kulikuwa na mama wa mazoezi ya viungo. Mkono ulikuwa umeanza kuamka. Mama wa mazoezi alikuwa amemwambia wazi: mkiacha, utakauka, na ukikauka hatutaurudisha. Mwikali hangeweza kumsukuma mtu kando ya malori. Kwa hivyo geti lililokosekana upande wa dispensari lilikuwa ndilo mkono wa Mutua.

Kabla ya mkutano, meneja wa mji alinipigia simu. "Mama Ndinda, hii ni ya kuwaarifu tu. Usiipeleke mbali." Nilielewa. Nilikuwa karibu kustaafu, na mtu wa umri wangu ofisini hutakiwa awe ameshajua kunyamaza. Nilikwenda ukumbini mapema nikapanga viti.

Mchungaji Musau alituombea, Swaleh akasoma dua, kisha nikasimama.

"Kabla ya mgeni kuanza," nilisema, "nawaomba leo tusipige makofi mpaka maswali yaishe. Tutamheshimu kwa kumsikiliza."

Kyalo, kijana wa boda boda, akauliza kutoka nyuma, "Hata akisema vizuri?"

"Hata akiimba."

Watu wakacheka. Hatukucheka tena kwa muda mrefu.

Mgeni alikuwa Injinia Kilonzo, kijana nadhifu, mwenye adabu, viatu vyake bado havijajua vumbi letu. Aliwasha projekta. Picha ilikuwa nzuri mno. Nyasi zilikuwa za kijani kama za uwanja wa mpira kwenye televisheni, na familia ilikuwa ikitembea na mbwa mdogo aliyefungwa kamba.

"Huyo mbwa ni wa nani hapa mjini?" mama mmoja akamnong'oneza mwenzake.

Injinia alieleza vizuri: taa za alama, mifereji, lami. Akamaliza. "Basi, huo ndio mpango wetu." Akatabasamu, akangoja.

Hakuna mkono uliogusana na mwingine.

Wanangu, jifunzeni kimya. Mtu aliyezoea makofi akipewa kimya huona kama sakafu imeondolewa, na hutafuta kitu cha kukanyaga. Nje lori lilifunga breki, tukalisikia lote. Injinia akanywa maji. "Ni mpango mzuri," akasema. Kimya. "Tumezingatia kila kitu." Kimya. Akanitazama, nami nikatazama viatu vyangu. Ndipo akaongeza jambo ambalo, nadhani, hakutumwa kulisema.

"Na kazi haitawasumbua muda mrefu. Kontrakta anaingia Jumatatu."

Swaleh alikuwa wa kwanza kusimama, yeye aliyeyataka maegesho kuliko wote. "Jumatatu gani?"

"Hii inayokuja."

"Kwa hivyo umekuja kutuuliza, ama umekuja kutuaga?"

Hapo ukumbi ukapasuka. Vijana wa boda boda walisimama wote pamoja, viti vikaanguka. "Hizo bikoni tunang'oa leo," Kyalo akasema. "Twendeni." Dereva wa Injinia, aliyekuwa ameegemea ukuta, akasogea mlangoni na funguo mkononi. Wazee waliokuwa mbele wakaanza kuvuta fimbo zao. Niliona jinsi itakavyokwenda: bikoni zitang'olewa, polisi watakuja, na kesho yake kila mtu atazungumzia fujo.

Mnapofika hapo, msipaze sauti kwenye maiki. Ukumbi hushindana na maiki, na hushinda. Mimi nilizima kipaza sauti nikakiweka mezani, nikaenda kusimama kando ya Kyalo. Kando yake, si mbele yake. Ukimkabili kijana mbele ya wenzake, umemlazimisha.

"Kyalo," nilimwambia kwa sauti ndogo, "uking'oa bikoni, tutazungumzia bikoni. Bustani itasahaulika."

"Mwaitu, hawa wanatucheza." Mwaitu ni mama yetu. Alipotumia neno hilo nilijua bado ananisikia.

"Wanatucheza, ndiyo. Lakini jibu nataka ulisikie ukiwa hapa. Kwa seli halitakufikia."

Wenzake walimtazama. Kisha akaokota kiti kilichoanguka, akakikalia kinyumenyume, na wengine wakakaa kidogo kidogo, wakinung'unika.

Injinia aliona nafasi yake. "Mama, nafikiri muda umeenda. Labda mchungaji atuombee tufunge."

Hii nayo mtakutana nayo. Kwetu hakuna mtu anayeinua mkono vichwa vikiwa vimeinama. Nimeona maswali mengi yakizikwa chini ya amina. Mchungaji Musau akasimama, akavua kofia yake, nami nikajua akianza kuomba imekwisha. Akawatazama watu polepole.

"Kuomba nitaomba," akasema. "Lakini mama yule ana mkono juu tangu zamani."

Tukageuka. Mwikali alikuwa karibu na mlango, Mutua kwenye kiti chake kando yake. Wakati wa kelele zote hakuwa amefungua mdomo. Aliinua mkono tu, akaushikilia kwa mkono mwingine ulipochoka.

"Mimi ni Mwikali. Nauza chakula hapo steji. Huyu ni bwana yangu. Namsukuma napita bustani mpaka dispensari. Nionyeshe kwa hiyo picha nitapita wapi."

Injinia akachukua kalamu yake ya taa. "Utatokea hapa getini. Unafuata barabara, unazunguka kona hii."

"Kona ya kuingilia malori?"

"Ndiyo, lakini kutakuwa na alama kubwa ya onyo."

Mutua alizungumza kwa taabu, neno moja baada ya jingine. "Dereva wa usingizi... hasomi."

Hakuna aliyecheka, ingawa nadhani yeye alitaka tucheke.

Mwikali akaendelea. "Wewe ni wa wapi, mwanangu?"

"Sultan Hamud."

"Mama bado yuko?"

"Yuko."

"Akienda kanisani anavuka lami?"

Injinia alianza kuviringisha waya wa projekta mkononi, ingawa projekta bado ilikuwa inawaka. "Anavuka."

"Na wewe unajuaje amevuka?"

"Huwa ananipigia akifika."

Mwikali akakaa. Hakuongeza neno hata moja. Mimi nimesimamia mikutano mingi, na nimewaona watu wenye elimu kubwa wakiharibu swali zuri kwa kulifuatisha hotuba. Ukiona limeingia, nyamaza.

Nikaona hapo ndipo pa kuuliza swali la kazi yangu. "Injinia, geti la upande wa dispensari liko kwenye mpango ama haliko?"

"Haliko."

"Linaweza kuwekwa?"

"Linaweza, na njia yake katikati. Lakini itabidi nafasi ya malori ipungue sana."

Ukumbi mzima ukamgeukia Swaleh. Kyalo alisimama tena. Swaleh alijifuta jasho shingoni, akatazama mbele.

"Msinitazame hivyo," akasema. "Mimi nataka malori. Hata kesho nitayataka. Duka langu linakula kwa malori. Lakini mzee wangu alipougua, tulimpitisha hapo hapo bustani, kwa blanketi, watu wanne. Lami tungempitisha vipi?" Akamgeukia Injinia. "Punguza." Kisha akawageukia wenye maduka wenzake, ambao nilikuwa nimewatawanya kwenye pembe zote. "Na nyinyi mnaonipigia simu kila siku juu ya paking, mwenye neno aseme sasa. Asije dukani kwangu kusema."

Mwenye duka mmoja aliinua mkono, akaushusha.

"Mimi sina uwezo wa kubadilisha mpango," Injinia akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ya kijana wa Sultan Hamud kuliko ya ofisi.

"Hatukuombi ubadilishe," nikamjibu. "Tunaomba umpigie anayeweza. Sisi tutangoja."

Akatoka hadi kwenye ngazi za ukumbi, na madirisha yetu hayana vioo, kwa hivyo tulisikia upande wake wa mazungumzo. "Hapana, bosi... Nimeeleza yote... Hapana, hawakupiga makofi. Hata mmoja." Akashuka ngazi moja, akapanda tena. "Ninasema Jumatatu haiwezekani. Nikiandika kwamba wamekubali nitakuwa ninadanganya."

Aliporudi, kola ya shati lake ilikuwa imelowa. "Kontrakta atangoja," akasema. Mchungaji Musau akavaa kofia yake, akakumbuka, akaivua, akaomba.

Msidhani ofisi ilinipongeza. Wiki hiyo hiyo meneja aliniita.

"Mama Ndinda, uliwakataza watu kupiga makofi?"

"Niliwaomba."

"Kwa nini?"

Nikamsimulia vyoo vya Mzee Kavita. Hakucheka. Nilimalizia miaka yangu kwenye wadi ya mbali, kaskazini, mahali pa ngamia na upepo, na ninawaambia hili bila kinyongo. Mkifanya kazi hii sawasawa kuna siku mtahamishwa. Pakieni vizuri, salimianeni na watu, mwende. Huko nako kuna watu wenye maswali.

Geti la dispensari lilijengwa. Nilipopata habari nilifurahi, halafu habari ya pili ikafuata: ili kuzuia pikipiki zisipite bustanini, mafundi walikuwa wamesimika nguzo za chuma kwenye geti lile, na kiti cha Mutua hakikupita. Walikuwa wamejenga mlango, kisha wakaufunga kwa sababu ya Kyalo na wenzake. Mutua alikuwa anakaa nje ya nguzo, mama wa mazoezi anatoka kumfanyia mkono pale pale juani, siku anapopata nafasi. Siku asipopata, hakuna.

Nilishuka siku ya soko, nikiwa nimepanga maneno yote njiani: nitamwona nani kwanza, ukumbi tutaombaje. Nilimkuta Mwikali steji, akipakua muthokoi.

"Nimesikia ya nguzo," nikamwambia. "Tuitishe mkutano?"

"Wa nini, mwaitu? Nimempigia Injinia. Yuko njiani."

"Ulipata wapi namba yake?"

"Si nilimwomba siku ile. Mlikuwa mnaomba, mkiwa mmefumba macho."

Injinia alifika na fundi wa kuchomelea na mashine ya kukata vyuma, tukamfuata hadi getini. Akachukua utepe wa kupimia, akakiendea kiti cha magurudumu kilichokuwa kitupu kivulini, kwa kuwa Mutua alikuwa ameketi kwenye benchi.

"Pima... na mwenyewe ndani," Mutua akamwambia. "Kitupu... ni chembamba."

Wakamkalisha, Injinia akapima magurudumu, akapima viwiko, kiwiko cha kulia kikiwa kimetokeza nje. Chuma kikakatwa, cheche zikaruka, nguzo moja ikaangushwa kando. Mwikali alisukuma kiti kikapita bila kugusa upande wowote, hadi mlangoni mwa dispensari, akamwacha Mutua na mama wa mazoezi, akarudi akipangusa mikono kwa leso.

Injinia alikuwa ameshafungua mlango wa gari.

"Injinia, usiende kwanza," Mwikali akasema. "Jioni mazoezi yakiisha hapa kuna giza, na mti huu una mizizi. Taa ni lini?"

Injinia alimtazama, akaitazama njia hadi kwenye mizizi ya mwarobaini. Akaufunga mlango wa gari, akachukua utepe wake, akarudi.